Filimbi moja, mkono mmoja: Jinsi mbwa anavyofundishwa kuongozwa majini

WAZEE wetu wa pwani walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Maana yake inajulikana: aliyekuwa taabani hupata nguvu mpya akiona wokovu uko karibu. Lakini methali hiyo imebeba pia ukweli kuhusu mnyama mwenyewe. Mbwa akiwa majini, jicho lake liko kwenye nchi kavu. Ukimwacha afanye apendavyo ataelekea ukingo ulio karibu naye, hata kama kazi uliyomtuma iko upande mwingine kabisa.

Hebu sasa tafakari, ndugu msomaji, ugumu wa kazi wanayoifanya watu wa huku Uingereza, na wenzao wa Marekani, wanaofuga mbwa wa aina ya retriva. Wao humfundisha mbwa aupe mgongo ufuko. Mbwa huogelea mita hamsini, mita mia, pengine zaidi, ndani ya maji ya baridi, akitafuta kitu ambacho hakukiona kikianguka na ambacho pua yake haijakinusa. Katikati ya safari filimbi inalia mara moja. Mbwa anageuka, anaelea pale pale huku akipiga maji kwa miguu, anamtazama bwana wake aliyesimama ukingoni. Mkono unanyooshwa kulia. Mbwa anakwenda kulia. Mkono unainuliwa juu. Mbwa anageuka na kuzidi kwenda mbali na nchi kavu.

Shingoni hana kamba. Hakuna awezaye kumfikia. Akiamua kukataa, hakuna atakayemfanya lolote mpaka atoke majini kwa hiari yake mwenyewe. Ndiyo maana tumeona jambo hili linastahili makala nzima. Amri inayotiiwa mahali ambapo fimbo haifiki ni kitu adimu, kwa wanyama na kwa watu, na inafaa kujua inajengwa vipi.

Mbwa wa wavuvi

Retriva ni jina la kundi la mbwa waliozalishwa kwa kazi moja: kumletea mwindaji ndege aliyempiga. Wanaojulikana zaidi ni Labrador na Golden Retriever, ambao msomaji aliyeko Ulaya au Marekani huwaona kila siku wakitembezwa barabarani au wakiwaongoza vipofu.

Asili ya Labrador, licha ya jina lake, ni kisiwa cha Newfoundland, ambacho leo ni sehemu ya Kanada. Wavuvi wa huko walikuwa na mbwa mweusi aliyeitwa mbwa wa St. John's. Alikuwa akivuta kamba za nyavu na kudaka samaki waliochomoka kwenye ndoana. Katika karne ya 19 meli za biashara ya samaki ziliwaleta mbwa hao Uingereza, na makabaila wawili, Earl wa Malmesbury na Duke wa Buccleuch, wakawazalisha kwa ajili ya mawindo. Kennel Club, chama cha mbwa cha Uingereza, kiliitambua Labrador kuwa jamii inayojitegemea mwaka 1903. Golden Retriever naye alitokana na kazi ya Lord Tweedmouth huko Guisachan, katika milima ya Scotland, aliyempandisha mbwa wa manjano na mbwa wa majini wa Mto Tweed. Watoto wa kwanza walizaliwa mwaka 1868.

Ukimtazama mbwa wa namna hii utaona ameumbwa kwa ajili ya maji. Manyoya yake ni ya tabaka mbili, la ndani zito na la nje lenye mafuta yanayozuia maji yasipenye. Vidole vyake vina ngozi katikati. Mkia wa Labrador ni mnene shinani kama wa fisi-maji, nao humsaidia kama usukani. Na mdomo wake ni laini: huweza kubeba bata aliye hai bila ya kumvunja ubavu.

Lakini maumbile peke yake yana mpaka. Silika humwezesha mbwa kuleta ndege aliyemwona akianguka. Ndege aliyeanguka nyuma ya matete, au aliyechukuliwa na mkondo wakati mbwa anatazama kwingine, silika haimwambii yuko wapi. Anayejua ni mtu. Na mtu hana njia ya kumweleza mbwa jambo hilo isipokuwa wawe na lugha moja.

Lugha iliyotoka kwa wachungaji

Lugha hiyo wawindaji waliiazima kwa wachungaji wa kondoo. Karne nyingi wachungaji wa Scotland, Wales na kaskazini ya Uingereza wamekuwa wakiwaongoza mbwa wao kutoka mlima wa pili kwa miluzi na ishara. Mwaka 1873 walikusanyika mji wa Bala, Wales, kushindanisha mbwa hao hadharani, na mashindano yakaenea kutoka hapo.

Mwaka 1931 Wamarekani walifanya shindano lao la kwanza la Labrador, huko Chester katika jimbo la New York. Matajiri waliokuwa wakiufadhili mchezo huo waliwaleta walimu wa mbwa kutoka Scotland. Mmoja wao, Dave Elliot, aliyefanya kazi kwenye banda la mbwa la Jay Carlisle katika Long Island, ndiye anayetajwa zaidi kwa kuwahamishia retriva ishara za wachungaji katika miaka ya 1930. Mwindaji asiyekuwa na lugha hiyo, wakati ule na hata leo, hurusha mawe majini ili mbwa afuate mshindo. Mawe yakimalizika, au bata akiwa mbali kuliko nguvu ya mkono, mambo yamekwisha.

Thamani ya kazi hii ilifika mpaka kwenye stempu. Wawindaji wa bata wa Marekani hutakiwa kununua stempu maalumu ya serikali kila msimu, na fedha zake hutumika kuhifadhi maeneo ya ndege wa majini. Stempu ya mwaka 1959 ilikuwa na picha ya Labrador mweusi, King Buck, bingwa wa taifa wa 1952 na 1953, akiwa na bata mdomoni, pamoja na maneno ya kuwakumbusha wawindaji kwamba retriva huokoa mawindo yasipotee.

Kwa nini bata asiachwe

Msomaji anaweza kuuliza: shida yote hii kwa ajili ya bata mmoja?

Aliyeona maeneo ya matope na chumvi ya pwani ya Essex wakati wa baridi ataelewa. Maji hupwa na kujaa kama kwetu. Mwindaji hupiga bata alfajiri, bata huangukia ng'ambo ya mkondo, na maji yanayotoka humchukua. Akiwa amekufa, nyama inapotea bure. Akiwa amejeruhiwa, ni vibaya zaidi. Bata mwenye jeraha hupiga mbizi, hujificha ndani ya matete na kubakisha mdomo tu juu ya maji, na huweza kukaa na maumivu saa nyingi kabla ya kufa. Mtu hawezi kumfuata: matope yatammeza, na bahari inarudi kwa kasi. Mbwa anaweza, ikiwa ataelekezwa.

Kwa wasomaji wetu Waislamu, ambao wengi wamelelewa kumkwepa mbwa, jambo hili lisionekane la ajabu. Aya ya nne ya Sura al-Maida imewataja wanyama waliofundishwa kuwinda na kuhalalisha wanachokamata. Wanazuoni wa Kishafi wakaeleza ni mbwa gani anayehesabiwa kuwa amefundishwa. Katika kitabu kidogo cha Abu Shujaa, kinachosomeshwa mpaka leo katika pwani yetu, masharti yametajwa wazi: akitumwa aende, akizuiliwa asimame, akiua asile, na hayo yajirudie mpaka isiwe bahati tu. Sheria hiyo inamhusu mbwa anayekamata mwenyewe, ilhali retriva huleta kilichokwisha kupigwa. Hata hivyo kipimo ni kile kile anachokitumia mwalimu wa huku akiwa amesimama kando ya bwawa: nenda, simama, usile, na tena, na tena.

Somo huanza nchi kavu

Mwalimu mwenye busara hamfundishi mbwa ishara mpya ndani ya maji. Kila kitu huanzia kwenye nyasi fupi, mahali ambapo mbwa anaona vizuri na mwalimu anaweza kumfikia kwa hatua nne tano.

La kwanza ni filimbi ya kusimama: mlio mmoja. Mbwa hukaa kitako alipo na kumtazama mwalimu. Milio mifupi inayofuatana, pi-pi-pi, maana yake ni rudi. Haya mawili yasipokuwa imara hakuna haja ya kuendelea, kwa sababu mbwa asiyesimama hawezi kuonyeshwa njia.

Baadaye huja mikono. Mbwa hukalishwa hatua kama kumi mbele, akimtazama mwalimu. Kifuko cha turubai kilichojazwa, kinachotumika badala ya ndege, hurushwa upande wa kulia. Mwalimu hungoja kidogo, kisha hunyoosha mkono wa kulia usawa wa bega na kupiga hatua moja upande huo huo. Mbwa huenda. Siku nyingine huwa zamu ya kushoto. Siku nyingine kifuko hurushwa nyuma ya mbwa, na mkono huinuliwa wima juu ya kichwa, maana yake: geuka, nenda mbali zaidi. Wajuzi huongeza jambo dogo hapa. Wakiinua mkono wa kulia, mbwa hufundishwa kugeukia upande wa kulia wa mwalimu. Wakiinua wa kushoto, hugeukia kushoto. Nchi kavu tofauti hiyo ni hatua moja tu. Majini, kwenye mkondo, ni tofauti ya mita nyingi.

Mbwa akizielewa ishara tatu moja moja, huwekewa vifuko viwili kwa pamoja, kisha vitatu. Hapo ndipo inapojulikana kama anausoma mkono au anakumbuka tu. Silika humvuta kwenye kilichoanguka mwisho. Mwalimu humtuma kwenye kilichoanguka kwanza. Akikosea, filimbi humsimamisha kabla hajakifikia kile cha makosa, hurudishwa alipokuwa, na ishara hutolewa upya. Kukipata kifuko ndio mshahara wake. Ukimwacha akichukue kwa kukosea, umemlipa kwa kosa.

Macho ya mbwa nayo yana hesabu zake. Mbwa huona vizuri kitu kinachotembea, lakini hatofautishi sawasawa nyekundu na kijani, na rangi ya chungwa kwake hufifia ndani ya majani. Kwa hivyo vifuko vya rangi ya chungwa hutumika pale mwalimu anapotaka yeye akione na mbwa asikione. Kwa sababu hiyo hiyo ya kuonekana, waongozaji kwenye mashindano makubwa ya Marekani huvaa koti jeupe, na mwalimu yeyote mzuri huangalia kilichoko nyuma yake kabla ya kunyanyua mkono. Mkono wenye shati la kijani mbele ya miti ya kijani, kwa mbwa aliye mbali, haupo.

Kuingia majini

Majini kila kitu hubadilika. Mbwa hawezi kukaa kitako. Macho yake yako inchi chache juu ya maji, na jua likiwa mbele yake haoni ila mng'ao. Mshindo wa miguu yake mwenyewe huifunika filimbi. Mwendo ni wa polepole, kwa hiyo kosa dogo huchukua muda mrefu kurekebishwa, na kila dakika baridi inamla.

Basi masomo ya maji huanza majira ya joto, kwenye maji ya kina kifupi ambayo mbwa anatembea, haogelei. Filimbi inalia. Akigeuka tu, kifuko kinarushwa kulia mbele ya macho yake, na mkono unakifuata. Kwa siku kadhaa za namna hii, mbwa hujenga imani kwamba filimbi ya majini ni habari njema: nikigeuka, nitaonyeshwa. Mwalimu anayetumia filimbi kumkatiza mbwa bila ya kumpa kitu humfundisha kinyume chake, na siku ya kazi mbwa huyo atajifanya hasikii.

Kutoka hapo huhamia kwenye mfereji mwembamba wenye kina, msaidizi akiwa upande wa pili. Mbwa hutumwa ng'ambo, husimamishwa katikati, huelekezwa kulia, kushoto au mbele. Walimu huchora zoezi hili kama herufi T: mguu wa herufi ndio njia ya kwenda, na mikono yake ndiyo pande mbili za kugeukia. Linaonekana jepesi kwenye karatasi. Wengine huchukua majira mazima ya joto kulikamilisha.

Zoezi linalofuata ndilo linaloijibu methali yetu. Linahitaji bwawa dogo la mstatili. Mbwa hutumwa ng'ambo, huchukua kifuko, huanza kurudi moja kwa moja kwa bwana wake. Anapokaribia kabisa, ufuko ukiwa mbele ya pua yake, filimbi inalia na mkono unamwambia: usitoke, pita, uogelee sambamba na ukingo mpaka upande ule. Kifuko kiko mdomoni, nyumbani ni hatua tatu, na anaambiwa ageuke arudi kwenye maji ya kina.

Tulikwenda kutazama zoezi hili kwenye bwawa la shamba moja huko Essex. Jike mmoja mweusi wa Labrador, kijana bado, alikataa mara mbili. Aliisikia filimbi, aliuona mkono, akatazama ukingo na kutoka zake. Tulitegemea mwalimu, mzee mmoja mstaafu, angepaza sauti. Hakufanya hivyo. Alikipokea kifuko kimya kimya, akamtuma tena, na mara hii alitembea mwenyewe ukingoni kufuata upande aliotaka mbwa aende, mkono umenyooka, akiwa karibu naye kiasi cha kuweza kumgusa. Jike akamfuata akiogelea, macho hayabanduki mkononi. Mara ya nne mzee alibaki alipo na jike akapita peke yake. Tulipomuuliza, alitueleza kwamba mbwa akikataa kwa mbali, dawa yake ni kumsogelea, kwa sababu aghalabu huwa hajakataa: hajaelewa, au haamini.

Kuchenga maji

Adui mkubwa wa kazi hii ni werevu wa mbwa. Akitumwa kuvuka kona ya ziwa, atapiga hesabu haraka: kuogelea ni taabu, kukimbia ni rahisi. Atazunguka kwa ukingoni, atafika haraka zaidi, na atakuona wewe ni mjinga. Walimu huita huku ni kudanganya. Sisi tungesema anachenga maji.

Hapa kuna mjadala wa kweli baina ya pande mbili za Atlantiki. Wamarekani, khasa wa mashindano, hushikilia mbwa apite kwenye mstari ulionyooka, maji kwa maji. Mbwa anayezunguka, wanasema, hupoteza mstari. Akifika ng'ambo hajui tena alikuwa anaelekea wapi, na hupita kwenye harufu nyingine zinazomvuruga. Waingereza wengi ni walegevu zaidi katika hili. Ikiwa mbwa amejua njia ya mkato na bata aliyejeruhiwa amefikiwa mapema, wao hawaoni kosa, na kwenye maji ya barafu wanaona ni huruma. Lakini hata kwao kuna mpaka. Katika mashindano ya Kennel Club, retriva anayekataa kuingia majini hutolewa, sawa na anayemwumiza ndege mdomoni au anayelialia. Na hapati cheo cha bingwa bila ya cheti cha kuthibitisha kwamba anafanya kazi majini.

Kwa maoni yetu, mfugaji wa kawaida anaweza kuchukua kwa pande zote mbili: amfundishe mbwa mstari, kisha atumie akili yake mwenyewe kuamua lini unahitajika. Mbwa anayejua kupita majini anaweza kuruhusiwa kuzunguka. Asiyejua hawezi kuvushwa siku ambayo hakuna njia ya kuzunguka.

Pua na mkono

Sasa tumefika kwenye kiini. Mtu anaona mbali; mbwa ananusa. Mtu anajua bata alipoanguka. Mbwa anajua bata alipo sasa. Hivyo ni vitu viwili tofauti, khasa ndege akiwa hai na mkondo unatembea. Ufundi wa kuongoza ni kumfikisha mbwa chini ya upepo, mahali ambapo harufu itamjia, kisha kunyamaza.

Dalili huonekana. Kichwa kinainuka au kinageuka ghafla, mwendo unaongezeka, mkia unabadilika. Hapo filimbi inarudi mfukoni. Mwongozaji anayeendelea kupiga filimbi kwa sababu yeye anadhani bata yuko kushoto, ilhali pua inasema kulia, hupoteza ndege na hupoteza mbwa. Kuna mbwa waliosimamishwa mno mpaka wakawa hawaendi. Wakiogelea mita ishirini hugeuka wenyewe kuomba maelekezo, hawajiamini tena. Na kuna walioachiwa mno mpaka mkono kwao ukawa pambo. Baina ya makosa haya mawili ndipo kazi ilipo.

Sharti jingine walimu wote wazuri hukubaliana: usimdanganye mbwa. Mwanzoni, usimtume kamwe mahali ambapo hakuna kitu. Kabla ya zoezi, hakikisha vifuko vipo, na viwe zaidi ya kimoja, ili akifika asikose. Mbwa anayeogelea mita themanini kwa kuamini mkono wako na kukuta maji matupu amejifunza jambo moja, na utachukua wiki kadhaa kumfundisha kinyume chake.

Wapo wanaotafuta njia ya mkato: ukosi wa umeme shingoni mwa mbwa, unaompiga shoti kutoka mbali kwa kubonyeza kitufe. Kwa ukosi huo fimbo imefika majini. Wanaoutetea, wengi wao Marekani, husema ukitumiwa na mjuzi baada ya mbwa kuelewa somo hauna madhara, na matokeo yao kwenye mashindano ni makubwa. Wanaoupinga husema mbwa hawezi kujua maumivu yametoka wapi. Akiwa majini huweza kuyahusisha na maji yenyewe, na mbwa aliyeyaogopa maji ndio basi. Wales ilipiga marufuku matumizi yake mwaka 2010. Walimu wa huko hawakuacha kufundisha retriva, na mbwa wao hawakuacha kuogelea.

Sisi tuliotoka katika nchi ambako amri na kiboko hutembea pamoja tunakielewa kishawishi hicho kuliko wengi. Ni rahisi kumfanya kiumbe akutii ukiwa umeishika shingo yake. Jike yule wa Essex alikuwa huru kutoka majini, na alibaki kwa sababu kila mara mkono ule uliponyooshwa, kulikuwa na kitu kweli upande huo.

Kwa msomaji mwenye mbwa

Wasomaji wetu kadhaa walioko ughaibuni, khasa wenye watoto waliozaliwa huku, sasa wana Labrador nyumbani. Huhitaji bunduki wala kibali cha kuwinda ili kumfundisha haya. Kifuko kinachoelea, filimbi na uvumilivu vinatosha, na mbwa aliyezalishwa kwa kazi hii hutulia nyumbani akipata kazi.

Yapo machache ya kuzingatia. Usimrushe mbwa majini kwa nguvu siku ya kwanza, ingia naye. Chagua mahali penye mteremko mpole wa kuingilia na kutokea, pasipo mkondo. Wakati wa joto kagua rangi ya maji: utando wa kijani au buluu juu ya ziwa unaweza kuwa na sumu inayoua mbwa kwa muda mfupi. Masomo yawe mafupi, dakika kumi au kumi na tano, kwa sababu mbwa anayeogelea na kubeba kifuko humeza maji, na akizidisha humdhuru. Mkia wa Labrador ukilegea kama kamba baada ya kuogelea kwenye baridi, mpumzishe siku chache, na ukimwona ana maumivu mpeleke kwa daktari wa mifugo. Mkaushe kabla ya kumtia garini.

Na pale atakapokuwa katikati ya maji, amegeuka, anakutazama akingoja, usiharakishe. Tazama upepo unatoka wapi. Kumbuka kifuko kiko wapi. Ukiwa na hakika, nyanyua mkono.